Kitasa Kwenye Droo ya Fundi

Kwa miaka thelathini na nane, nyumba ya fundi kufuli haikuwa na kitu hata kimoja kinachofungwa kwa ufunguo, ila mlango wa mbele. Kabati la nguo lilisukumwa kwa goti. Mlango wa choo ulishikwa kwa kamba. Mkewe akilalamika, mzee hucheka na kumjibu, "Mama Mapacha, mchana kutwa nafungulia watu milango yao, na kwangu nako nikafungue?" Sasa fikiria mwenyewe yule mama alivyojisikia asubuhi moja, alipoinama kufagia chini ya meza, akainua kichwa, akakuta droo ya mumewe imetiwa kitasa. Kipya, cha shaba, kinang'aa. Akaivuta droo. Haikutoka.

Alikaa kwenye kigoda, ufagio bado mkononi. Mtu hafungi kitu mpaka awe na cha kuficha, na mwanamume wa miaka sitini na sita anamficha nini mkewe, kama si mwanamke?

Ungekuwa wewe ungefikiri hivyo hivyo, usijitie utakatifu. Na kulikuwa na mengine kabla ya kitasa. Mwaka uliopita fundi alipimwa zahanati akaambiwa ana presha, akapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Tangu hapo akawa mtu wa kugeukia ukuta. Si kwamba alikuwa mkali, la. Alikula, akasema ahsante, akapanda kitandani na kumpa mkewe mgongo, miezi minane mizima. Mama Mapacha alijaribu manukato, akajaribu kanga mpya, akajaribu kununa. Mgongo ulikuwa ule ule. Alimaliza kwa kujiambia, basi, umri umefika, wanangu wana watoto, haya mambo nayo yana mwisho wake. Alijiambia hivyo mchana. Akilala alilia kimya kimya, maana alikuwa na miaka hamsini na tisa tu na alimpenda mumewe.

Halafu, miezi miwili kabla ya siku ya ufagio, fundi akageuka. Hivi hivi tu, bila taarifa! Mgongo ukaondoka, mtu akarudi, tena si kwa kubahatisha. Mama Mapacha alifurahi wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaanza kujiuliza. Moto uliozimika miezi minane hauwaki wenyewe, lazima kuna aliyeupuliza.

Alimpelekea maneno shoga yake, mshonaji wa jirani, aliyekuwa anapinda pindo la sare ya shule na pini tatu mdomoni.

"Shoga," alisema mshonaji bila kutoa zile pini, "mtu mzima haoti jino jipya. Ukiona limeota, ujue la kununua."

"Una maana gani?"

"Nina maana ama ananunua dawa za mizizi, ama anafundishwa." Akazitoa pini, akamtazama sawasawa. "Yule mjane wa nyumba ya kona, kitasa chake kimeharibika mara ngapi?"

Mama Mapacha alihesabu kwa vidole. Mara tatu, kwa miezi hiyo hiyo miwili. Kitasa gani hicho kinachoharibika mara tatu? Fundi mwenyewe ndiye aliyekitia, na vitasa vya fundi watu huviacha kwenye urithi.

Kuanzia siku ile akawa mpelelezi. Alinusa mashati. Alimtuma fundi sabuni ili apate kupekua koti lake, akapata misumari minne na tikiti ya bahati nasibu ya mwaka juzi. Alipita mbele ya nyumba ya mjane kwa visingizio vya kila namna, mpaka mjane mwenyewe akatoka akamwambia, "Dada, karibu ndani, jua kali." Akakataa, akaona ule ukarimu nao una jambo. Na nyumbani, kila fundi alipomsogelea, nusu yake ilifurahi na nusu yake ilikuwa inauliza: haya umeyatoa wapi? Hata kucheka kwake alikuona kama kwa mtu aliyetoka kusifiwa mahali.

Sasa, jambo moja ambalo mshonaji hakulijua. Mama Mapacha alikuwa amekaa kibandani kwa mumewe kila alasiri tangu mapacha waanze shule. Alitunga funguo kwenye waya, alipokea wateja, aliwashikia tochi. Mtu haketi kando ya fundi miaka yote ile bila mkono wake kujifunza kitu. Kufungua kitasa kidogo bila ufunguo alikuwa anajua. Fundi ndiye aliyemfundisha, kwa mzaha, mvua ikinyesha na hakuna mteja. "Usilazimishe," alikuwa akimwambia, mkono wake juu ya mkono wa mkewe. "Papasa. Pini za ndani zenyewe zitakwambia."

Jumatatu fundi aliitwa kwenye ghala moja, kazi ya siku nzima. Mama Mapacha alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Akatandika kitambaa cha vifaa vya akiba, kile chenye mifuko midogo ya kutilia nyaya za kupapasia, fupi mpaka ndefu. Akachukua mbili. Kabla ya kuanza alikitazama kitasa kwa karibu, kwa mazoea tu ya kibandani. Shaba ilikuwa safi kama sahani, haina hata mkwaruzo. Akapapasa. Pini ya mwisho ilimponyoka mara mbili, kisha kitasa kikazunguka, na droo ikatoka.

Alitegemea barua. Alitegemea picha, kitambaa chenye marashi, chupa ya unga wa mizizi. Akakuta kopo moja tu la bati, lile ambalo fundi hutilia vipande vya pini. Akalifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe. Vingine vilikuwa vimelainika pembeni, vimegandamana, kama vilivyokwisha kuonja mate.

Alivijua. Ndivyo vile vile alivyompa kila asubuhi na bilauri ya maji, akamwona akivirusha mdomoni na kumeza. Kumbe anavificha chini ya ulimi! Mkono wa fundi ukipita mdomoni kufuta maji, nani ataona? Akavimwaga juu ya meza, akavihesabu. Sitini na vitatu. Akarudisha siku nyuma, moja moja, mpaka akafika juma lile lile ambalo mgongo uliondoka.

Hapo ndipo alipoelewa, akakaa chini. Hapakuwa na mjane. Hapakuwa na mizizi. Mzee wake alikuwa ameona vidonge vimemchukulia nguvu zake, naye akaviacha, amrudie mkewe. Na kwa nini hakusema? Angesema wapi? Pale zahanati daktari alikuwa nyuma ya pazia, na benchi la wagonjwa liko upande wa pili wa pazia, watu kumi na tano masikio wazi. Muuguzi aliyempima alisoma darasa moja na mapacha, anamwamkia "shikamoo, baba." Mzee gani atafungua mdomo pale? Kibandani nako, wateja wake wa rika lake mzaha wao ulikuwa mmoja tu, nani betri yake imekufa. Fundi alicheka nao kwa miezi minane. Mama Mapacha alikuwepo, akitunga funguo, akimwona anacheka. Mungu wangu, alikuwa akimwona.

Alijua la kufanya, hilo lazima liwekwe wazi. Baba yake mwenyewe alikufa kwa presha. Alitakiwa jioni ile ile aliweke kopo mbele ya mumewe na kumwambia, umeze, twende kwa daktari. Badala yake alivirudisha vidonge koponi, kopo drooni, akafunga, akarudisha nyaya kwenye mifuko yake. Fundi alipoingia jioni akaenda kuweka vifaa vyake, akarudi, akamtazama mkewe usoni. Mkewe akampa chai.

"Siku yako ilikuwaje?" aliuliza fundi.

"Ya kawaida tu," akasema.

Jumanne hakusema. Jumatano hakusema. Asubuhi alimpa kidonge na maji, akageuka upande wa jiko ili asione kinakokwenda. Kesho nitasema, alijiambia. Mbona ana nguvu, mbona anapiga mluzi, hata uso umenawiri? Labda presha yenyewe imeisha. Watu wangapi wamekwenda zahanati wakaambiwa wana hiki na kile, wakaishi miaka tisini? Alijua anajidanganya. Lakini alikuwa amekaa miezi minane nje ya mlango, na sasa ameingizwa ndani, nani angetaka kutoka tena?

Shaka haikumwacha, ilibadili njia tu. Kwanza alikuwa anamshuku mume, sasa akaanza kuushuku mwili wa mume. Fundi akikohoa, anasikiliza. Akichelewa kuinuka kitini, anahesabu. Akisema kichwa kinamgonga, anasema ni jua, kisha anakwenda uani kujiuma kidole. Na mshonaji akiuliza, "Shoga, umegundua nini?" anajibu, "Sijagundua kitu." Mshonaji alimtazama juu mpaka chini, hakuamini, na alikuwa na haki ya kutoamini.

Jumamosi asubuhi, fundi akiwa bafuni, Mama Mapacha alipitisha kitambaa juu ya meza. Jicho likaenda kwenye kitasa lenyewe. Akainama. Shaba ilikuwa imekwaruzwa. Si mkwaruzo mmoja, ni mingi, mifupi, yote upande wa kulia wa tundu la ufunguo, mingine mipya kabisa inang'aa.

Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga, ila ndilo lililokuja: kuna mtu amejaribu kufungua. Nani ameingia humu ndani? Mshonaji alikuja juzi kuazima mkasi. Au mjane? Alikaribia kutoka kwenda kumvaa mtu. Kisha akaitazama tena ile mikwaruzo, polepole, alivyofundishwa. Mwizi hukwaruza ndani ya tundu, kwa waya au kisu. Hii ilikuwa nje. Hii ni ya ufunguo. Ni ya mtu mwenye ufunguo wake halali, anautafuta mlango wa tundu na hauoni.

Akasimama wima. Fundi hajawahi kukwaruza kitasa. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini! Kwa sababu hiyo tu, watu walimletea vitasa vya makabati ya mabibi zao waliokufa. Alikuwa anafungua kufuli gizani, tochi ikizimika, huku anaongea.

"Baba Mapacha!" aliita. "Njoo!"

Akatoka bafuni na taulo begani. "Kuna nini, mbona kelele?"

"Nipe ufunguo wa mlango wa mbele. Hapana. Ufunge wewe. Ufunge nione."

"Umepatwa na nini leo?"

"Ufunge, nimekwambia!"

Akacheka, akaenda mlangoni, akanyoosha ufunguo kwa mkono wa kulia. Ufunguo uligonga chuma kando ya tundu. Akaurudisha, ukagonga tena. Mara ya tatu akausaidia kwa mkono wa kushoto, haraka, kama mtu anayeficha jambo. "Macho haya," alisema. "Nahitaji miwani mipya."

"Si macho. Vidole vinafanya ganzi tangu lini?"

Fundi akauficha mkono wa kulia chini ya taulo.

"Tangu lini, nakuuliza?"

"Jumatano," alisema. "Vinakuja na kuondoka."

Mama Mapacha alishika mlango. Jumatano. Angesema Jumatatu ile ile, Jumatano isingekuja.

Hakungoja kubadili kanga. Alimkamata mumewe mkono, akamtoa nje na taulo lake begani, na mjane wa kona ndiye aliyewapa gari la mpwa wake kuwafikisha hospitali kubwa. Njiani mjane alikuwa anasema peke yake, "Na mimi na usahaulifu wangu, nimempandisha ngazi mzee wa watu mara tatu, nasingizia kitasa kimeharibika kumbe nimepoteza funguo." Mama Mapacha alimshika goti, akashindwa kumwomba radhi.

Presha ilisoma mia mbili na kumi, juu ya mia moja na ishirini. Muuguzi aliirudia, akatoka mbio. Akaja daktari, kijana mwenye miwani, akamwinua fundi mikono, akamwambia ang'ate meno, afumbe macho, amkamate vidole. Akauliza, "Mzee, dawa ulizopewa unakunywa?"

"Nakunywa," alisema fundi.

Mama Mapacha alimtazama. Mume alimtazama. Kwenye chumba kulikuwa na wagonjwa wengine wawili na ndugu zao, na mlango uko wazi. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua, na yeye alikuwa amekwisha kumsaidia kuyaficha siku tano.

"Hanywi," alisema. "Hajanywa miezi miwili. Vilimmaliza nguvu za kiume, akaviacha."

Mgonjwa mmoja akajifanya amelala. Fundi alifumba macho, shingo ikamwiva, na mkewe alijua kwamba kama angeweza kuinuka angetoka. Lakini daktari hakucheka wala hakukohoa. Alifunga mlango, akavuta kiti, akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee, wewe si wa kwanza wiki hii. Hata wa tatu si wewe."

Fundi akafumbua jicho moja.

"Dawa za presha ziko aina nyingi. Zipo zinazoleta hayo kwa baadhi ya watu, na zipo zisizowasumbua. Ungesema, ningekubadilishia. Na presha yenyewe ukiiacha, inaharibu mishipa, na mishipa ikiharibika hizo nguvu zinakwenda zenyewe, dawa au bila dawa. Miezi miwili ulikuwa unakopa kwako mwenyewe." Akamgeukia mama. "Mshipa wa kichwani umetoa onyo. Mkono utarudi, nadhani. Mngekuja kesho nisingewaambia hivi."

Walimlaza. Alasiri, wageni walipotoka, muuguzi alileta kikombe kidogo cha plastiki na kidonge kimoja ndani yake, cha rangi ya njano, akakiacha mezani na maji. Mama Mapacha alikaa kwenye kiti cha chuma. Fundi alikuwa anafumba na kufumbua mkono wa kulia juu ya shuka, anaupima.

"Umeniaibisha," alisema.

"Najua."

"Yule wa kitanda cha pili ni mteja wangu."

"Basi atakuja na yeye kumwuliza daktari."

Fundi alitaka kununa, akashindwa, pua ikamchezacheza. Kisha akaelekeza macho kwenye mkono wake. "Droo ulifungua lini?"

Angeweza kusema leo. Ingekuwa rahisi, mikwaruzo ilikuwepo, hakuna shahidi. "Jumatatu," alisema.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Jumatatu nilirudi, nikakuta waya mfupi mahali pa mrefu. Nani mwingine anafungua kitasa humu nyumbani?" Akavuta pumzi. "Nikasema, leo nimepatikana. Nikakaa nangoja unigombeze. Ukanipa chai. Jumanne nikangoja. Jumatano vidole vikaanza, nikataka kukwambia. Lakini nikasema, mwenzangu ameona, amenyamaza. Basi ameridhia. Amepima, ameona ni heri hivi."

Mama Mapacha alisogeza kiti karibu na kitanda. Kimya chake, kumbe, mumewe alikisoma kama ruhusa. "Sikuridhia," alisema, na machozi yakatoka bila kuomba. "Nilikuwa nafurahi, Baba Mapacha. Umenirudia, nikafurahi, nikaogopa nikisema utanigeuzia mgongo tena. Nilikuwa nakuua kwa furaha yangu."

"Na mimi nilikuwa najiua kwa hiyo hiyo." Alinyoosha mkono, ule wa ganzi, ukapapasa shuka mpaka ukafika kwenye magoti yake. Vidole vilimshika vibaya, viwili juu, vitatu pembeni. "Nikigeukia ukuta tena, je?"

"Utanieleza ukiwa umegeukia ukuta. Nitasikia." Akajifuta macho kwa pindo la kanga, akachukua kile kikombe cha plastiki. "Fungua mdomo."

Akafungua. Mkewe akakiweka kidonge, akampa maji, akaliona koo linapanda na kushuka. Fundi akafuta midomo kwa nyuma ya mkono.

"Leta huo mkono," alisema Mama Mapacha. Akaukunjua, akautazama kiganja. Hamna kitu. "Inua ulimi."

"Ala! Huniamini?"

"Sikuamini. Na mimi usiniamini, kila asubuhi uniulize nimenyamazia nini." Akamshika kidevu, akaelekeza uso wake kwenye dirisha, penye mwanga. "Inua."

Akauinua.